"Mie ninajua tu kama unasimama": historia ya potasiamu katika uzi mmoja wa neva



Nianze na aibu yangu. Nilikuwa katika staji, miaka ya mwisho ya udaktari, zamu ya usiku, msimu wa kipindupindu. Kijana mmoja wa taksi-moto alikuwa amelala pale tangu asubuhi. Kuhara kulikuwa kumepungua, lakini miguu yake ilikuwa kama ya kuazima, na hata kuinua kichwa kwenye mto ilikuwa kazi. Laboratwari ilirudisha jibu: potasiamu 2,3, wakati mtu mzima anatakiwa kuwa na 3,5 mpaka 5. Daktari akasema apewe potasiamu, akaenda salle nyingine. Mimi nikachukua ampule ya mililita 10, nikavuta yote katika sindano, nikasogea kwenye mrija wa mkono wake.

Mama mmoja muganga, mwenye miaka ya kazi kuliko miaka yangu ya kuzaliwa, akanishika mkono.

— Weye mtoto, unataka kumuua? Hii hatusukumake. Tunaiwekaka mu serumu, inashuka pole pole.

— Kwa nini, Mama?

— Moyo utasimama.

— Lakini kwa nini utasimama? Si potasiamu njo inamukosa?

Akanitazama vile mama anatazama mtoto aliyerudi kutoka masomo ya mbali.

— Hiyo njo mulienda kusoma ku inivesite. Mie ninajua tu kama unasimama.

Bandugu, mimi katika mtihani wa fiziolojia nilipata 16 kwa 20. Fomula ya Nernst niliiandika bila kosa. Lakini usiku ule sikuwa na jibu, na baadaye nilipojaribu kulitengeneza kwa fomula ile, nilipata jibu la kinyume. Njo nikaanza kusoma historia yake, na njo hiyo ninawaletea leo.

Umeme na neva, watu waliviona pamoja tangu zamani. Galvani, Mwitaliano, alichapisha majaribio yake ya miguu ya chura mwaka 1791. Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1850 alipima mwendo wa habari katika neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, mwendo ambao gari kwenye lami nzuri linaufikia. Swali lililobaki ni hili: umeme huo unatoka wapi, wakati mwilini hakuna betri wala waya?

Jibu la kwanza la maana lilitoka kwa Julius Bernstein, mwaka 1902. Alisema hivi: ndani ya seli potasiamu ni nyingi sana, nje ni kidogo. Utando wa seli unapotulia unaipa njia potasiamu peke yake. Kwa kuwa ndani kumejaa, potasiamu inasukumana kutoka. Lakini kila ioni inayotoka inabeba chaji chanya, kwa hiyo nyuma inaacha hasi, na hiyo hasi inaivuta irudi. Mwisho nguvu mbili zinalingana: wingi unasukuma nje, umeme unavuta ndani. Tofauti inayobaki kati ya ndani na nje ndiyo volti ya seli iliyotulia. Ile fomula ya Nernst tuliyoikariri inahesabu tu mahali nguvu hizo mbili zinapolingana.

Tuihesabu pamoja, maana ni fupi. Ndani ya seli zetu potasiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, nje ni 4. Fomula inatoa milivolti hasi 94. Sasa tuseme mtu mwenye haraka amesukuma ampule, na nje kukawa 8. Inakuwa hasi 76. Volti imesogea karibu na sifuri. Na sote tulifundishwa kwamba seli ikisogea karibu na sifuri inafika kizingiti, inawaka. Basi kwa Bernstein moyo ungewaka kwa urahisi zaidi, ungepiga mbio. Kumbe Mama alisema unasimama, na Mama ana haki: wapasuaji wa moyo wenyewe, wakitaka moyo utulie ili waufanyie kazi, wanautia maji yenye potasiamu nyingi.

Kwa hiyo fomula yetu ya mtihani ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine iliwagharimu watu miaka hamsini.

Bernstein alikuwa na sehemu ya pili katika nadharia yake. Alisema neva inapowaka, utando unapasuka kwa muda mfupi, kila ioni inapita inavyotaka, na volti inaanguka mpaka sifuri. Sifuri, si zaidi. Hakuna aliyeweza kumkatalia kwa sababu hakuna aliyeweza kuingia ndani ya uzi wa neva kupima. Neva unayoiona kwa macho ni fungu la nyuzi nyingi. Kuipima nzima ni kama kusimama mlango wa soko na kutaka kusikia mama mmoja anasema nini. Ulihitajika uzi mmoja, tena mnene.

Uzi huo aliutambua J. Z. Young, Mwingereza, miaka ya 1930, katika ngisi. Sisi wa ziwa tunajua sambaza na tilapia. Ngisi ni mnyama wa bahari, laini, mwenye mikono mingi kichwani, anayekimbia kwa kutema maji kwa nguvu. Ili misuli yote ya kutema maji ikaze kwa wakati mmoja, anatumia nyuzi za neva nene ajabu, karibu nusu milimita, wakati mwingine milimita nzima. Ni nene kiasi kwamba watu waliokuwa wakipasua ngisi walidhani ni mishipa ya damu. Young alionyesha mwaka 1936 kwamba ni neva.

Agosti 1939, kwenye laboratwari ya bahari ya Plymouth, Uingereza, walikutana vijana wawili. Alan Hodgkin alikuwa na miaka 25. Andrew Huxley alikuwa na 21, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Hodgkin alimpa mwenzake kazi ya kudondosha tone la zebaki ndani ya uzi ili waone ute wa ndani ni mzito kiasi gani. Tone halikushuka. Ute ulikuwa umeganda kama jeli. Jaribio lilishindwa, lakini uzi ulikuwa tayari umesimamishwa wima, na Huxley akaona kwamba mtu anaweza kupitisha mrija mwembamba wenye elektrodi katikati yake, toka mwisho uliokatwa, bila kugusa kuta. Wakajaribu. Ilipita.

Walichokiona hakikuwa katika kitabu cha mtu yeyote. Neva ilipowaka, volti ya ndani haikuishia sifuri. Iliruka ikapita, ikafika karibu milivolti 40 upande wa chanya, halafu ikarudi. Kama utando ungekuwa umepasuka tu, hiyo chanya ingetoka wapi? Walikuwa bado wanashangaa ndipo Hitler akaingia Poland.

Vita vilikula miaka yao. Walituma habari fupi kwenye gazeti la Nature, bila maelezo, kisha Hodgkin akaenda kutengeneza rada za ndege na Huxley akaenda kwenye mambo ya mizinga. Laboratwari ya Plymouth ilipigwa mabomu mwaka 1941. Mwaka 1945 walichapisha makala ndefu kuhusu nyuzi moja moja za neva. Walipendekeza maelezo zaidi ya moja, na lile la kweli halikuwamo. Ninalipenda jambo hili, nisamehewe. Sisi hapa tukikatwa na vita mwaka mmoja tunaona masomo yamekufa. Hawa walikatwa miaka, wakarudi, wakakosea hadharani, wakaendelea.

Ngisi walikuwa hawajapatikana bado, kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya vita ilifanywa na kaa. Hapa potasiamu inarudi. Hodgkin na Huxley walichukua uzi mmoja kutoka mguu wa kaa, wakautia ndani ya mafuta, ukabaki umefunikwa na maji ya bahari membamba kama karatasi tu. Wakauwasha mara nyingi mfululizo. Kama kila mara potasiamu kidogo inatoka, ndani ya yale maji machache haina pa kukimbilia, inajazana, na hali ya umeme ya uzi inabadilika. Wakalinganisha badiliko hilo na lile la uzi uliooshwa kwa maji yenye potasiamu wanayoijua kiasi. Kwa njia hiyo, bila kuona hata ioni moja, walitoa hesabu mwaka 1947: kila wimbi la umeme linatoa nje mole 1,7 gawanya kwa trilioni, kwa kila sentimita ya mraba ya utando.

Je, hiyo ni nyingi? Si nyingi. Lakini inatosha kurudisha volti mahali pake, tena inabaki. Kwa hiyo volti inapanda kwa sababu nyingine, na inashushwa na potasiamu inayotoka.

Hiyo sababu nyingine ilipatikana mwaka huohuo 1947, ngisi waliporudi Plymouth. Hodgkin alifanya kazi na Bernard Katz, Myahudi aliyezaliwa Leipzig na kukimbilia London mwaka 1935. Walipunguza sodiamu katika maji yanayouzunguka uzi, na ule mruko wa kupita sifuri ukapungua. Sodiamu ndiyo iliyokuwa inaingia na kuleta chanya ndani. Jibu lilikuwa katika chumvi ya kawaida ya bahari.

Mhakiki wa mambo haya yote alikuwa Richard Keynes. Jina linawaambia kitu wale wa ekonomi: alikuwa mtoto wa ndugu yake John Maynard Keynes, na upande wa mama alikuwa kitukuu cha Darwin. Yeye alizitia ioni alama. Alitumia potasiamu yenye mionzi, potasiamu 42, ambayo nusu yake inakwisha kila saa 12 hivi; ukilala usingizi mzuri unaamka na nusu ya mali. Sisi Wakongomani tukisikia mionzi tunawaza Shinkolobwe na bomu. Kumbe mionzi kidogo inaweza pia kuwa kama kengele shingoni mwa mbuzi, inakuambia yuko upande gani wa ukuta. Keynes alifanya kazi na nyuzi za dome, binamu wa ngisi. Akapata kwamba kila wimbi linapopita, sodiamu inayoingia na potasiamu inayotoka zinakaribiana: kati ya 3 na 4 katika kipimo kilekile cha trilioni ambacho kwa kaa kilitoa 1,7. Katika eneo dogo kama mikromita moja ya mraba hiyo ni ioni kama elfu 20. Na katika akiba yote ya potasiamu iliyomo ndani ya uzi mnene, kila wimbi linatumia takriban sehemu moja katika milioni. Njo maana neva haichoki haraka.

Sasa tufike mwaka 1952, maana jibu la Mama linakaa pale. Tatizo lilikuwa hili: volti inafungua milango, milango inabadilisha volti, na kila kitu kinakwisha ndani ya milisekunde chache. Huwezi kujua nani alianza. Kenneth Cole, Mmarekani, alikuwa ametafuta njia ya kuishika volti isisogee, na Hodgkin na Huxley wakaijenga ya kwao. Mashine inailazimisha volti ibaki mahali unapotaka, na inakuonyesha mkondo unaohitajika kuishikilia. Ni kama kumshika mtu bega asisogee na kupima anasukuma kwa nguvu gani. Kwa njia hiyo waliitenga sodiamu na potasiamu. Mlango wa potasiamu unafunguka taratibu, na ukishafunguka unabaki wazi muda wote volti iko juu. Mlango wa sodiamu unafunguka upesi, halafu, na hili ndilo la kushika, unajifunga wenyewe hata kama volti bado iko juu. Tena haufunguki upya mpaka volti irudi chini kabisa. Waliandika hayo yote kwa fomula. Kompyuta ya Cambridge wakati huo ilikuwa imezimwa kwa ajili ya matengenezo, basi Huxley akahesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wiki baada ya wiki. Hesabu ikasema wimbi litakimbia mita 18,8 kwa sekunde. Uzi wenyewe ulikuwa umetoa 21,2. Kwa fomula iliyotoka katika vipande vya utando vilivyoshikwa visisogee, huko ni kukaribia kwa kutisha. Mwaka 1963 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Basi, Mama, jibu ni hili. Ampule ya mililita 10 yenye asilimia 10 ina gramu moja ya kloridi ya potasiamu, ambayo ni milimoli 13 hivi. Plazma yote ya mtu mzima, lita 3 hivi, ina potasiamu kama milimoli 12. Ukisukuma, unatuma kwa mshipa mmoja potasiamu sawa na ile ya plazma yote, na inafika moyoni kabla haijachanganyika. Nje ya seli za moyo potasiamu inapanda, volti inasogea kuelekea sifuri, kama Bernstein alivyosema. Lakini haisogei kwa mruko ule wa haraka unaowasha. Inasogea na kukaa pale. Na volti ikikaa juu, ile milango ya sodiamu ya mwaka 1952 inajifunga na haifunguki tena, kwa sababu volti hairudi chini. Seli haina cha kuwashia, na moyo unasimama. Unasimama kwa wingi wa kitu kilekile ambacho upungufu wake ulikuwa umemlegeza kijana wa watu.

Hapo ningeweza kufunga, lakini sitaki mpitwe na gololi.

Mwaka 1955 Hodgkin na Keynes waliuliza swali ambalo linaonekana dogo: potasiamu inapitaje kwenye utando, kila ioni kivyake, au? Waliutia uzi sumu ili pampu yake ya ndani ikae kimya, kisha kwa potasiamu yenye mionzi wakapima ngapi zinatoka na ngapi zinaingia wakati huohuo. Kama kila ioni inapita kivyake, uwiano wa kutoka na kuingia unajulikana kwa hesabu. Walichopata kilikuwa kikali zaidi: uwiano ule ukiupandisha kwa kipeo cha 2,5. Yaani upande wenye nguvu ulikuwa unashinda kupita haki yake.

Ili waelewe, walitengeneza masanduku mawili bapa yenye gololi, kama zile za kwenye kitovu cha baiskeli, na mashine ya kuyatikisa. Sanduku moja gololi nyingi, lingine chache, na kati yao upenyo. Upenyo ulipokuwa mfupi, gololi zilivuka huku na huku karibu na hesabu ya kawaida. Walipoweka upenyo mrefu, mwembamba, unaobeba gololi kadhaa kwa mstari, mambo yalibadilika. Gololi ya upande dhaifu ikiingia inasukumwa nyuma na zile zinazotoka mbele yake. Ili ivuke lazima isukumwe mara kadhaa mfululizo kwa upande mmoja, na upande wenye wachache hauna nguvu hiyo. Nani hajawahi kutaka kuingia katika auditwari kwa mlango mmoja wakati promosyo nzima inatoka? Wakasema basi: potasiamu inapita kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, katika njia nyembamba yenye ioni mbili au tatu kwa wakati mmoja. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ameona njia kama hiyo. Wengine hawakuamini hata kama iko.

Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake huko Marekani walipiga kwa mionzi ya X fuwele ya protini ya bakteria, ileile inayopitisha potasiamu. Picha ikaonyesha mfereji wa vipande vinne, wenye sehemu moja nyembamba sana, na ndani yake potasiamu zimepangana kwa mstari. MacKinnon alisomea udaktari kabla ya kuacha wagonjwa na kwenda kwenye fuwele. Nobel yake ilikuja 2003. Hodgkin alikufa mwezi Desemba 1998, mwaka uleule wa picha.

Kuhusu pampu inayoirudisha potasiamu ndani baada ya kazi, hiyo ni habari ya Mdenmark Jens Skou na kaa wake wa mwaka 1957. Nitaiandika nikipata muda na nguvu ya umeme, huu wa SNEL.

Yule kijana, serumu yake ilishuka usiku mzima. Mama alikuwa anapita kila nusu saa kuhesabu matone kwa saa ya mkononi, na mimi nilikaa pembeni ya kitanda na kidole kwenye mapigo ya moyo wake. Saa moja asubuhi aliinua kichwa peke yake, akauliza nani amebaki na pikipiki.